Jinsi ya kuandika pingamizi dhidi ya usajili wa chama chenye uhusiano na makundi ya itikadi kali

Mwananchi anapoona tangazo kwamba watu anaowafahamu kwa kueneza chuki wameomba kusajili chama cha siasa, jambo la kwanza analotaka kuandika ni kwamba chama hicho ni hatari na hakistahili kuwepo. Barua ya namna hiyo inaweza kuwa ya kweli tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho na bado isimsaidie msajili wa vyama vya siasa hata kidogo, kwa kuwa msajili hakupewa mamlaka ya kuamua ni chama kipi kinafaa na kipi hakifai. Alipewa masharti yaliyoandikwa katika sheria, na kazi yake ni kupima kama maombi yaliyo mezani kwake yanayatimiza. Pingamizi lenye nguvu humwonyesha ni sharti lipi limevunjwa, limevunjwa na nani, na ushahidi wake uko wapi.

Soma sheria kabla ya kukusanya ushahidi

Tafuta sheria ya vyama vya siasa au sheria ya uchaguzi ya nchi husika, pamoja na ibara za katiba zinazohusu vyama, na uisome ukiwa na swali moja: ni sababu zipi zinazomruhusu msajili kukataa maombi? Nchi hutofautiana mno katika jambo hili, na mtu anayeiga barua iliyoandikwa katika nchi nyingine anaweza kujenga hoja yote juu ya kifungu ambacho kwake hakipo.

Ibara ya 91 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza chama kuanzishwa kwa misingi ya dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo, na kueneza chuki kwa misingi hiyo. Inakataza pia chama kushiriki au kuhimiza vurugu na vitisho, au kuanzisha na kudumisha kikosi cha wapiganaji. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 20, inazuia kuandikishwa kwa chama ambacho kutokana na katiba au sera yake kinakusudia kupigania maslahi ya kundi la dini, kabila au rangi, au kinakubali matumizi ya nguvu kama njia ya kufikia malengo yake ya kisiasa. Katika nchi kama hizi mbili, pingamizi linalohusu itikadi na mwenendo wa waombaji lina pa kusimamia.

Australia iko upande mwingine. Chini ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1918, mwananchi anaweza kupinga usajili kwa kuonyesha kwamba waombaji hawatimizi sifa za kuwa chama, kwa mfano hawana wanachama 1,500 wanaotakiwa kwa chama kisicho na mbunge, au kwamba maombi hayakufuata utaratibu, au kwamba jina lina kasoro. Jina linaweza kukataliwa likizidi maneno sita, likiwa la matusi, au likifanana na la chama kingine kiasi cha kuwachanganya wapigakura. Itikadi ya waombaji haimo katika orodha hiyo. Mpingaji wa huko anayejaza kurasa kumi kuhusu ubaguzi wa rangi bila kugusa orodha ya wanachama wala jina amepoteza nafasi yake, hata kama kila alichosema ni kweli tupu.

Nchini Ujerumani hata mlango wenyewe ni tofauti. Kuanzisha chama ni haki huru chini ya Ibara ya 21 ya Sheria ya Msingi ya mwaka 1949, yaani katiba ya nchi hiyo, na ni Mahakama ya Katiba ya Shirikisho peke yake inayoweza kutamka kwamba chama kinapingana na katiba, baada ya kuombwa na bunge, baraza la majimbo au serikali. Mwananchi wa huko anayetaka chama fulani kizuiwe hana msajili wa kumwandikia pingamizi. Anaweza tu kuwapelekea ushahidi wake wale wenye haki ya kwenda mahakamani.

Ukishazipata sababu zinazokubalika, ziandike kwenye karatasi neno kwa neno, kila moja na namba ya kifungu chake. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia ushahidi upi ukusanye na upi uuache, hata uwe wa kushtua namna gani.

Muda ni mfupi

Sheria nyingi humtaka msajili achapishe tangazo la maombi na kuwaita wananchi wenye pingamizi. Nchini Kenya tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti yasiyopungua mawili yanayosomwa nchi nzima. Muda wa kuwasilisha pingamizi huhesabiwa kuanzia tarehe ya tangazo, si tarehe uliyoliona. Australia hutoa mwezi mmoja. Kwingine ni siku chache tu. Kwa sababu hiyo, anayejua kwamba kundi fulani linajiandaa kuomba usajili asisubiri tangazo ndipo aanze kutafuta ushahidi. Tangazo likitoka, kazi inayobaki iwe ni kulinganisha majina, kuandika na kuwasilisha.

Siku ya kwanza baada ya tangazo, omba kuona nyaraka ambazo sheria inaruhusu umma kuzikagua: majina ya viongozi, katiba ya chama, nembo, na anwani ya ofisi. Mara nyingi majina ya viongozi ndiyo yatakayoamua kama una pingamizi au una wasiwasi tu.

Kuthibitisha uhusiano

Hapa ndipo kazi ilipo. Ni nadra chama kuandika katika katiba yake kwamba kinatetea vurugu au kwamba ni tawi la kundi lililopigwa marufuku. Katiba ya chama itasema amani, umoja na maendeleo, kama katiba za vyama vingine vyote. Kwa hiyo mpingaji hana budi kutoka nje ya karatasi hiyo na kuonyesha kwamba chama na kundi ni watu walewale, fedha zilezile, au uongozi uleule uliobadilisha jina.

Kesi mbili za Ulaya zinaonyesha mpaka ulipo. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Hispania ilikipiga marufuku chama cha Batasuna kwa uhusiano wake na ETA, kundi lililotumia silaha kudai uhuru wa eneo la Basque, na mwaka 2009 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliuunga mkono uamuzi huo. Mwaka 2011 wanasiasa wa mrengo huohuo waliomba kusajili chama kipya kilichoitwa Sortu, ambacho katiba yake ilikataa waziwazi vurugu, zikiwemo za ETA. Mahakama ya Juu iliukataa usajili kwa hoja kwamba chama hicho ni mwendelezo wa kile cha zamani. Juni 2012 Mahakama ya Katiba iliutengua uamuzi huo na Sortu ikasajiliwa, kwa msingi kwamba shaka peke yake haitoshi kuwanyima watu haki ya kuunda chama, na kwamba sheria ina njia ya kukivunja baadaye iwapo mwenendo wake utathibitisha shaka hiyo. Anayetaka kuandika pingamizi aitafakari kesi hii kwa makini: kuonyesha kwamba waombaji wametoka katika mrengo fulani hakutoshi. Ni lazima uonyeshe kwamba bado wanafanya, au wanaendelea kuunga mkono, jambo ambalo sheria inalikataza.

Ugiriki inafundisha upande wa pili. Oktoba 2020 mahakama ya Athens iliamua kwamba chama cha Golden Dawn kiliendeshwa kama genge la wahalifu, na viongozi wake wakahukumiwa vifungo. Mmoja wao, Ilias Kasidiaris, alikuwa ameshaanzisha chama kingine, na bunge likapitisha sheria iliyozuia kushiriki uchaguzi vyama ambavyo viongozi wake, wakiwemo wale wanaoviongoza kihalisi bila cheo rasmi, wamehukumiwa kwa makosa makubwa. Mwezi Mei 2023 Mahakama ya Juu ilikizuia chama hicho. Juni mwaka huohuo chama kingine, Spartiates, ambacho Kasidiaris alikiunga mkono hadharani akiwa gerezani, kiliingia bungeni kikiwa na viti 12. Jina lililoandikwa katika fomu si lazima liwe jina la anayetoa amri, na mpingaji anayetazama fomu peke yake atakosa kiini cha jambo.

Kwa hiyo tafuta vitu vinavyoonekana. Linganisha majina ya viongozi wa chama na majina yaliyotajwa katika hukumu za mahakama, ripoti rasmi au matangazo ya kundi lenyewe. Angalia anwani ya ofisi, namba ya simu ya mawasiliano na akaunti inayopokea michango: kama akaunti iliyokuwa ikichangisha fedha za kundi mwaka jana ndiyo inayochangisha za chama mwaka huu, una kiungo ambacho ni vigumu kukikanusha. Angalia nani anawaita watu kwenye mikutano ya chama na mazoezi hufanyika wapi. Angalia pia kama akaunti za kundi katika mitandao ya kijamii zimebadilishwa jina tu na kuwa za chama, huku wafuasi na machapisho ya zamani yakibaki palepale.

Alama zinahitaji maelezo. Msajili anaweza kuona namba 88 kwenye bango asijue kwamba katika makundi ya Wanazi mamboleo inasimama badala ya salamu ya “Heil Hitler”, kwa kuwa H ni herufi ya nane ya alfabeti. Ieleze kwa sentensi mbili, kisha uambatishe chanzo cha kuaminika, hasa hukumu ya mahakama au maandishi ya taasisi ya utafiti. Lakini usijenge pingamizi zima juu ya alama. Namba inaweza kuwa mwaka wa kuzaliwa, na wakili wa waombaji atalisema hilo kabla hujamaliza kuzungumza.

Kuhifadhi ushahidi wa mtandaoni

Machapisho hufutwa mara tu tangazo la usajili linapotoka, kwa hiyo hifadhi kwanza na uchambue baadaye. Kwa kila chapisho, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na anwani kamili ya ukurasa. Kisha hifadhi nakala ya ukurasa huohuo katika hifadhi ya umma kama vile Wayback Machine, ili mtu mwingine aweze kuthibitisha kwamba hukuibadilisha. Kama ni video, pakua faili zima, andika dakika na sekunde ambapo maneno husika yanasemwa, na uyaandike maneno hayo yote pamoja na sentensi zinazoyatangulia na kuyafuata. Kukata sentensi katikati ili ionekane mbaya zaidi ni kosa litakaloharibu hata ushahidi ulio safi, maana waombaji wakionyesha sehemu uliyoiacha, msajili hatakuamini tena katika mambo mengine.

Tengeneza jedwali rahisi lenye namba ya kiambatisho, nani alisema au alifanya, lini, wapi, na kifungu cha sheria kinachohusika. Kiambatisho ambacho hakina kifungu cha kukaa nacho kitoe. Kurasa ishirini zilizochujwa zina nguvu kuliko mia tatu ambazo hakuna atakayezisoma.

Katika kupima matamshi, kuna kipimo cha Umoja wa Mataifa kilichomo katika Mpango Kazi wa Rabat wa mwaka 2012. Kinauliza mambo sita: muktadha wa matamshi, nafasi ya msemaji, nia yake, maudhui na namna alivyoyasema, upana wa watu waliofikiwa, na uwezekano wa madhara kutokea. Hata kama sheria ya nchi haikitaji, kinamsaidia mpingaji kujiuliza kwa uaminifu kama alichonacho ni uchochezi au ni maneno makali ya kisiasa yanayolindwa na sheria. Mwanachama wa kawaida aliyeandika upuuzi usiku mmoja si sawa na mwenyekiti aliyerudia wito uleule katika mikutano mitatu mbele ya watu waliokuwa na silaha.

Kuandika aya moja ya pingamizi

Tuseme sheria inakataza chama kudumisha kikosi cha wapiganaji. Mpingaji wa kwanza anaandika hivi: “Kila mtu anajua kwamba hawa ni magaidi wenye jeshi lao, na mkiwasajili mtakuwa mmeiuza nchi.” Aya hiyo haina tarehe, haina jina, haina kifungu, na inamtuhumu msajili kabla hajatenda lolote.

Wa pili anaandika: “Ninapinga maombi haya chini ya kifungu kinachokataza chama kudumisha kikosi cha wapiganaji. Mtu aliyetajwa kama katibu mkuu katika ukurasa wa pili wa fomu ya maombi ndiye anayeonekana katika Kiambatisho C, kuanzia dakika ya nne hadi ya sita, akiongoza mazoezi ya vijana waliovaa sare, na katika dakika ya tano anawaambia kwamba watalinda mikutano ya chama ‘kwa njia yoyote’. Kiambatisho D kinaonyesha kwamba siku tisa baadaye akaunti rasmi ya chama iliichapisha video hiyo na kuwaalika wanachama wajiunge. Naomba Msajili awatake waombaji waeleze uhusiano wa kikundi hicho na chama kabla ya kufanya uamuzi.” Hapa msajili ana kifungu, mtu, tendo, chanzo, na ombi analoweza kulitekeleza leo. Ombi la mwisho lina uzito wake, kwa sababu msajili anayesita kukataa maombi moja kwa moja anaweza kukubali kuuliza swali, na jibu la waombaji litabaki katika kumbukumbu rasmi.

Andika aya moja kwa kila sababu, na uanze na ile yenye ushahidi mzito. Kama una sababu ya kiutaratibu, kwa mfano watu walioorodheshwa kuwa wanachama bila wao kujua, usiidharau. Katika nchi ambako itikadi si sababu ya kukataa usajili, hiyo ndiyo inaweza kuwa silaha yako pekee halali, na hata mahali pengine ni rahisi kuithibitisha kuliko nia ya mtu. Waliodanganywa wanaweza kula kiapo na kutia saini hati zao wenyewe.

Epuka maneno ambayo huwezi kuyathibitisha mahakamani. Kumwita mtu gaidi ilhali hajawahi kushtakiwa kunaweza kukufungulia kesi ya kashfa. Kueleza alichosema, wapi na lini, kunatosha. Epuka pia kuhamasisha maelfu ya watu kutuma barua moja iliyonakiliwa. Msajili hapigi kura, anapima sababu, na barua elfu mbili zenye maneno yaleyale huhesabiwa kuwa sababu moja huku zikichelewesha usomaji wa ile iliyo na ushahidi. Nguvu hiyo ya watu itumike kutafuta mashahidi.

Usalama wa anayepinga

Jambo hili husahaulika, nami naliona la lazima. Sheria nyingi hudai pingamizi liwe na jina, saini na anwani, na nchi nyingine hulitoa kwa waombaji ili walijibu, au huliweka wazi kwa umma. Maana yake ni kwamba watu unaowatuhumu kwa vitisho watajua jina lako. Kabla ya kuwasilisha, uliza ofisi ya msajili kwa maandishi ni taarifa zipi zitakazofichuliwa na kama anwani ya makazi inaweza kufichwa. Pale sheria inaporuhusu, wasilisha kupitia wakili, chama cha wanasheria au shirika la haki za binadamu lenye anwani ya ofisi. Usimtaje shahidi bila ridhaa yake, na usiache namba za simu za wahanga zikionekana katika picha za skrini. Hakuna pingamizi linalostahili kununuliwa kwa usalama wa mtu ambaye hakuulizwa.

Jiulize swali gumu

Sheria za kuzuia vyama zimetumika vibaya. Chama cha United Communist Party cha Uturuki kiliombewa kuvunjwa siku chache tu baada ya kuundwa mwaka 1990, kabla hakijafanya shughuli yoyote, na mwaka 1998 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema haki yao ya kujumuika, inayolindwa na Ibara ya 11 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, ilikiukwa. Serikali zinazoogopa wapinzani hupenda sana kuwaita watu wenye itikadi kali, na wananchi wanaweza kushawishiwa kuandika mapingamizi kwa niaba ya serikali hizo bila kujua. Ukigundua kwamba ulichonacho ni kwamba chama kinatetea jamii ndogo, kinadai mabadiliko makubwa ya katiba, au kina viongozi wanaokera, basi usiandike. Sheria zinazolinda haki ya kujumuika, ikiwemo Ibara ya 22 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ziliwekwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo hasa.

Mahakama nazo hupima ukubwa wa hatari. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliona kwamba malengo ya NPD, chama cha mrengo mkali wa kulia, yalipingana na utaratibu wa kidemokrasia, lakini ikakataa kukipiga marufuku kwa kuwa hapakuwa na dalili nzito kwamba kingeweza kuyafikia. Januari 2024 mahakama hiyohiyo ilikiondolea ruzuku ya serikali kwa miaka sita, chama kikiwa kimeshabadilisha jina na kuitwa Die Heimat. Kwa mpingaji, hii ina maana kwamba kukataa usajili si hatua pekee inayoweza kuombwa. Pale sheria inaporuhusu, omba pia masharti ya uwazi wa fedha au uchunguzi zaidi.

Baada ya kuwasilisha

Wasilisha kwa njia iliyotajwa katika tangazo, si nyingine, na udai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa au uthibitisho wa barua pepe wenye namba ya jalada. Waombaji wakijibu, soma jibu lao kwa utulivu. Mara nyingi watakiri jambo moja ili kukanusha jingine, na hilo walilokiri ndilo la kushikilia. Uamuzi ukitoka, omba sababu zake kwa maandishi mara moja, kwa kuwa muda wa rufaa nao ni mfupi. Nchini Kenya rufaa dhidi ya uamuzi wa Msajili hupelekwa kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na kutoka hapo mahakamani.

Waombaji wakiyaondoa maombi yao kabla ya uamuzi, usifunge jalada. Hifadhi viambatisho, jedwali na orodha ya viongozi mahali salama pawili tofauti, na endelea kufuatilia matangazo ya usajili. Maombi mapya yanaweza kuja na jina jipya, nembo mpya na katiba iliyosafishwa. Anza kwa kulinganisha majina ya waombaji, anwani na akaunti ya michango na zile ulizonazo kabla ya kuandika lolote.